Demisi kama Msingi: Ukuzaji wa Modeli Bora za Ngozi ya Binadamu katika Maabara

1.0 Utangulizi

Modeli ya ngozi ni tishu iliyokuzwa maabara kutokana na seli za binadamu, ikikusudiwa kufanana na ngozi halisi kwa umbo na kwa utendaji. Modeli za namna hii zina matumizi mawili. Kwanza, hutumika katika tiba, hasa kufunika majeraha makubwa ya moto na vidonda vya kisukari visivyopona. Pili, hutumika kupimia kemikali, dawa na vipodozi kabla havijamfikia mtumiaji. Matumizi haya ya pili yalipata uzito wa kisheria tarehe 11 Machi 2013, Umoja wa Ulaya ulipokamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Kuanzia hapo, kosa la modeli si kosa la kitaaluma tu: modeli inayovuja kuliko ngozi halisi inaweza kuishutumu kemikali isiyo na hatia, na modeli iliyokosa seli fulani inaweza kuipitisha kemikali inayozidhuru seli hizo.

Makala haya yanaeleza jinsi modeli hizo zinavyokuzwa na kwa nini nyingi kati yake bado zina upungufu. Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa tabaka la juu la ngozi huamuliwa kwa sehemu kubwa na tabaka la chini, na kwamba historia ya taaluma hii, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya seli za juu, husomeka vizuri zaidi ikianzia chini.

2.0 Ngozi inayoigwa

Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili makuu. La juu, epidemisi, ni jembamba. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake hukaribia sehemu ya kumi ya milimita. Karibu seli zake zote ni keratinosaiti. Seli hizo huzaliwa chini kabisa, hupanda polepole huku zikibadilika, na hufikia juu zikiwa zimekufa, bapa, zimejaa protini ya keratini na kugandamana kwa lipidi. Safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Tabaka hilo lililokufa ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee na vitu vya nje visiingie. Kwa maneno mengine, sehemu ya ngozi inayofanya kazi kubwa zaidi ya ulinzi ni ile isiyo na uhai.

La chini, demisi, ni nene zaidi na lina seli chache. Seli zake kuu ni fibroblasti, ambazo hufuma nyuzi za kolajeni na elastini na kuishi ndani ya kile zilichokifuma. Baina ya matabaka hayo mawili kuna utando wa msingi, wenye laminini na kolajeni ya aina ya IV, unaoshikizwa kwenye demisi kwa vijikamba vya kolajeni ya aina ya VII. Lugha ya Kiswahili hutumia neno moja, ngozi, kwa kiungo kilicho hai na kwa kile kilichochunwa kikatengenezwa viatu. Mtengenezaji wa ngozi ya viatu hutupa epidemisi na kubakiza kolajeni ya demisi. Wanasayansi wa ngozi walianza kwa kufanya kinyume chake.

3.0 Kutoka karatasi ya seli hadi ngozi yenye matabaka mawili

Kwa muda mrefu keratinosaiti za binadamu zilikataa kukua nje ya mwili. Zilipowekwa katika chombo, fibroblasti chache zilizochanganyika nazo zilizaana haraka na kuzimeza. Rheinwald na Green (1975), wakifanya kazi katika Massachusetts Institute of Technology, walilitatua tatizo hilo kwa njia inayoonekana kama kitendawili: waliziotesha keratinosaiti juu ya fibroblasti za panya zilizokwisha kupigwa mionzi. Mionzi ilizinyima fibroblasti hizo uwezo wa kugawanyika, lakini haikuziua mara moja, hivyo ziliendelea kutoa vichocheo ambavyo keratinosaiti zilivihitaji. Ugunduzi huu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ushindi wa keratinosaiti. Hata hivyo, ukitazamwa kwa makini, ulikuwa pia ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba seli za juu haziwezi kustawi bila msaada wa seli za chini.

Kwa njia hiyo, kipande cha ngozi cha sentimita chache za mraba kiliweza kuongezwa, ndani ya wiki tatu au nne, hadi karatasi za seli zenye eneo linalokaribia mita moja ya mraba. Mwaka 1984 madaktari wa Boston walichapisha taarifa ya watoto wawili walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, ambao sehemu kubwa ya majeraha yao ilifunikwa kwa karatasi hizo. Watoto hao waliishi. Matokeo hayo yalistahili umaarufu yalioupata, ila udhaifu wa mbinu nao ulijitokeza mapema. Karatasi za epidemisi zilizopandikizwa moja kwa moja juu ya misuli au mafuta zilishika kwa shida, zilitoka malengelenge kwa msuguano mdogo, na vijikamba vya kuzishikiza vilichukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kukomaa. Cuono na wenzake (1986) walipotanguliza demisi iliyotoka kwa mtu aliyefariki, kisha wakapandikiza juu yake epidemisi ya mgonjwa mwenyewe iliyokuzwa maabara, ushikaji ulikuwa bora zaidi.

Mfano wa karibuni zaidi unathibitisha jambo hilo hilo kwa upande wa pili. Mwaka 2017 Hirsch na wenzake walieleza matibabu ya mtoto wa miaka saba nchini Ujerumani aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoiachanisha epidemisi na demisi. Keratinosaiti zake zilitiwa jeni sahihi ya LAMB3 kwa kutumia virusi, zikakuzwa kuwa karatasi, na karibu asilimia 80 ya epidemisi yake ikabadilishwa. Epidemisi mpya ilishika na kudumu. Sababu kuu ni seli shina zilizorekebishwa, na waandishi walilionyesha hilo kwa kufuatilia vizazi vya seli hizo. Lakini haifai kusahau kwamba ugonjwa huo huiacha demisi mahali pake. Mgonjwa wa moto mkubwa hana bahati hiyo.

Jaribio la kujenga matabaka yote mawili lilifanywa na Bell na wenzake (1979, 1981). Walichanganya fibroblasti na myeyusho wa kolajeni, ambao hutolewa mara nyingi katika kano za mkia wa panya au tishu za ng'ombe. Mchanganyiko ukaganda kama uji uliopoa, na juu yake zikapandwa keratinosaiti. Njia hii ni rahisi na bado inatumika katika maabara nyingi. Bidhaa ya tiba iitwayo Apligraf, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na matatizo ya vena, imejengwa kwa msingi huo, kwa seli zitokazo katika magovi ya watoto wachanga.

Kasoro yake ni kunywea. Fibroblasti hushika nyuzi za kolajeni na kuzivuta, kama zinavyofanya zinapofunga jeraha, na jeli husinyaa hadi kubaki sehemu ndogo ya eneo lake la awali. Modeli mbili zilizotengenezwa siku moja zinaweza kutofautiana kwa ukubwa na unene. Isitoshe, fibroblasti iliyozungukwa na kolajeni ya kununua haina sababu kubwa ya kutengeneza ya kwake, na epidemisi iliyo juu yake kwa kawaida huanza kuchakaa baada ya wiki chache.

4.0 Demisi inayojijenga

Suluhisho lililoleta mabadiliko makubwa ni kuziachia fibroblasti zifume demisi zenyewe. Njia moja, iliyoendelezwa Québec miaka ya 1990, huzilisha fibroblasti vitamini C kwa wiki kadhaa. Vitamini hiyo huhitajika na vimeng'enya vinavyoziimarisha nyuzi za kolajeni. Ikikosekana, mtu huugua kiseyeye, na fibroblasti ya maabara nayo huugua kiseyeye chake. Ikipatikana, seli hufuma utando unaoweza kubanduliwa kwa koleo, na tando kadhaa zikipangwa juu ya nyingine huungana kuwa demisi isiyo na kolajeni ya mnyama.

Njia nyingine ni kuzipa fibroblasti kiunzi kisichosinyaa. Watafiti wa Heidelberg walitumia kiunzi cha nyuzi zinazotokana na asidi ya hayaluroni, na epidemisi iliyokua juu yake ilidumu wiki 12 ikijifanya upya. Katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kimetumika kiunzi cha polistaireni, plastiki ile ile inayotengenezewa vyombo vya kuoteshea seli, ila hapa ni kama sifongo: unene wake ni mikromita 200 na matundu yake yana upana wa takriban mikromita 40. Fibroblasti huingia matunduni, huyajaza kolajeni zilizoifuma, na kwa kuwa plastiki haivutiki, ukubwa wa modeli haubadiliki.

Muda una thamani kubwa katika njia hizi zote. Mtafiti mwenye haraka hupanda keratinosaiti kabla fibroblasti hazijamaliza kufuma, na hupata epidemisi nyembamba yenye utando wa msingi uliokatikakatika. Sababu yake inafahamika. Keratinosaiti hutoa intalukini-1. Fibroblasti huipokea na kujibu kwa kutoa kichocheo cha ukuaji wa keratinosaiti. Mazungumzo haya ya kikemikali, yaliyofafanuliwa na Maas-Szabowski na wenzake, ndiyo yanayopima kasi ya kugawanyika na ya kukomaa kwa epidemisi. Pale ambapo fibroblasti ni chache au dhaifu, jibu huwa hafifu.

Keratinosaiti nazo zina masharti yake. Kalsiamu ikiwa kidogo mno katika kimiminiko cha lishe, huendelea kugawanyika zikiwa safu moja. Ikiongezwa hadi takriban milimola moja kwa lita, hushikana na kuanza kupandana. Hatua ya kuamua ni kuiinua modeli ili sehemu yake ya juu ikabili hewa huku ikilishwa kutoka chini. Kwa siku 10 hadi 14 hivi epidemisi hujipanga tabaka baada ya tabaka, mpaka seli zilizokufa zikaonekana juu chini ya hadubini.

5.0 Kizuizi kinachovuja

Picha ya hadubini, hata hivyo, hudanganya. Modeli inaweza kuonyesha matabaka yote na bado ikapitisha maji na kemikali kwa urahisi kuliko ngozi ya mtu. Lipidi za tabaka la nje ni seramidi, kolesteroli na asidi huru za mafuta. Katika ngozi halisi molekuli zake hubanana sana. Katika modeli nyingi asidi za mafuta ni chache, zenye mnyororo usioshiba ni nyingi kupita kiasi, na mpangilio huwa wa kulegea. Vitamini C, ambayo tayari imetajwa kwa ajili ya kolajeni, husaidia hapa pia: Ponec na wenzake (1997) walionyesha kwamba bila hiyo baadhi ya seramidi muhimu hazitengenezwi ipasavyo. Imepunguza tatizo bila kulimaliza.

Miongozo ya OECD namba 431 na 439, inayohusu ubabuaji na uwashaji wa ngozi, huukabili udhaifu huo kwa busara. Kwa uwashaji, modeli hupakwa kemikali, kisha hupimwa ni kiasi gani cha seli kimebaki hai. Kikiwa asilimia 50 au pungufu, kemikali huhesabiwa kuwa ya kudhuru. Swali la ndiyo au hapana namna hii linaweza kujibiwa na modeli inayovuja kidogo, mradi uvujaji wake uwe ule ule kila mara. Kukadiria ni kiasi gani cha dawa kitaingia mwilini kwa saa ni jambo jingine kabisa, na kutumia modeli hiyo hiyo kwa kazi hiyo bila kuilinganisha na ngozi halisi ni kuidai kitu isichokuwa nacho.

6.0 Seli zinazokosekana

Modeli nyingi zina aina moja au mbili za seli. Melanosaiti, zinazotengeneza rangi, mara nyingi hazimo, ingawa huweza kuongezwa na zikakaa mahali pake kwenye safu ya chini ya epidemisi. Kukosekana kwake si dogo kwa kipimo kinachohusu mwanga wa jua au bidhaa za kuchubua ngozi, kwa kuwa huko ndiko athari inakotarajiwa kutokea. Vilevile asili ya seli inastahili kutajwa katika kila tasnifu: seli za govi la mtoto mchanga huzaana kwa nguvu kuliko za mtu mzima, na matokeo mazuri yaliyopatikana kwazo hayamhusu moja kwa moja mgonjwa wa miaka 60 mwenye kisukari.

Mishipa ya damu ilianza kuingizwa mwaka 1998, Black na wenzake walipochanganya seli za kuta za mishipa na fibroblasti zikaunda vijimirija vinavyofanana na kapilari. Nywele zilichelewa zaidi. Mwaka 2020 Lee na wenzake walizikuza seli shina zenye uwezo wa kuwa seli yoyote mpaka zikawa ngozi yenye vinyweleo, tezi za mafuta na neva, kwa miezi minne hadi mitano. Ngozi hiyo ilikua kama kifuko kilichopinduka, epidemisi ikiwa ndani na vinyweleo vikichomoza nje, hivyo uso wake hauwezi kupakwa kitu bila kwanza kufunguliwa.

Kwa upande wa tiba, kiunzi cha polistaireni kinafaa maabara pekee, kwa sababu hakiozi mwilini. Demisi ya tando zilizofumwa na seli za mgonjwa mwenyewe haina kasoro hiyo, lakini huhitaji wiki nyingi kukamilika, ilhali jeraha la mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili linapaswa kufunikwa ndani ya siku chache. Katika pengo hilo la wiki, hospitali zenye uwezo hutumia ngozi ya maiti au demisi bandia isiyo na seli, aina ya ile iliyobuniwa na Burke na Yannas mwaka 1981.