Tembe, Zizi na Fisi wa Ugogo

Ukitaka kujua Wagogo wa Dodoma, katikati ya Tanzania, walimhofia nani usiku, itazame tembe. Ni nyumba ya paa bapa, fupi kiasi kwamba mtu mrefu huinama mlangoni. Msafiri Richard Burton alizikuta alipopita Ugogo mwaka 1857. Nguzo na fito zimesongamana, zimekandikwa udongo, na paa nalo ni miti, nyasi na udongo tena. Vyumba hufuatana kuuzunguka ua, na ng'ombe hulala humo katikati. Fisi mwenye njaa, au mwizi wa mifugo, hana budi kuwapita wenye nyumba kwanza ndipo amfikie ndama.

Watu wengi husifu tembe kwa ubaridi wake wakati wa jua kali. Mimi naisifu zaidi kwa zizi lake.

Nyumba peke yake haikutosha, kwa hiyo zikawapo taratibu. Mtoto mchungaji hurudisha kundi kabla jua halijatua, na akichelewa hukemewa hata kama hakupoteza mbuzi hata mmoja. Ndama na wana-mbuzi huingizwa ndani. Anayelazimika kutoka usiku hutoka na mwenzake, wakiwa na fimbo na mwanga, na akimwona fisi hakimbii, maana mbio humwita mnyama. Wapo pia wanaomhusisha fisi na uchawi, wakisema aliyeonekana jana si mnyama wa kawaida. Imani hiyo ina hasara yake: wanaoisadiki huanza kumtafuta mchawi kijijini badala ya kuziba pengo la uzio.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari. Bati nalo likaja. Kwingi zizi lilitoka katikati ya makazi likawa boma la miiba pembeni, na kazi iliyokuwa ya ukuta ikabaki kwa mbwa na usingizi mwepesi wa mwenye mali. Boma la miiba ni zuri likitunzwa. Miiba iliyokauka na kulala chini haimzuii fisi.

Mjini hali ni nyingine. Manispaa ya Dodoma ilihesabiwa watu karibu 411,000 mwaka 2012. Kufikia sensa ya 2022 ilikuwa jiji lenye zaidi ya 760,000. Viwanja vinapimwa hadi kwenye vichaka na miamba ambako fisi wana mapango yao. Hapo kinachowavuta si ndama tena, ni mifupa ya bucha, utumbo wa kuku na dampo lisilofukiwa. Huko Harar, Ethiopia, watu waliamua kuwalisha fisi kwa mkono, na watalii hulipa kuangalia. Dodoma sidhani kama tunalihitaji hilo. Wamarekani wanaoishi milimani na dubu wamechagua njia ya kuchosha zaidi: mapipa ya taka yenye kufuli, na kwingine faini kwa asiyefunga.

Sheria yetu inatambua hasara ikishatokea. Chini ya kanuni za mwaka 2011, serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Madai huanzia kijijini, tathmini hufanywa, kisha watu husubiri. Bucha inayofukia mifupa yake jioni haina haja ya kujaza fomu yoyote.