King Majuto na Haki ya Mchekeshaji

Mtu akiuliza hapa Kibiti, au ng'ambo ya maji huko Salale, Kiongoroni na Mafia, Amri Athumani ni nani, wengi watamtazama tu. Lakini akitaja King Majuto, wasikilizaji wataanza kucheka kabla hajasema neno la pili. Ndivyo alivyokuwa marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu: jina lake la sanaa lililimeza jina alilopewa na wazazi, na kicheko kikatangulia mbele yake kila alikokwenda.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1958, angali mtoto, wakati nchi hii bado i chini ya Mwingereza. Alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 alikuwa na umri wa miaka 70, na miaka 60 kati ya hiyo aliitumia kwa kazi moja. Ni watumishi wangapi, wa serikali au wa shirika lolote, wanaoweza kuonyesha utumishi wa namna hiyo?

Hapana budi wasomaji wetu, hasa vijana, waelewe kazi yenyewe ilikuwaje. Katika miaka ya 1980 vikundi vya utamaduni, kama Muungano na DDC Kibisa, viliwapa watazamaji ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho katika onyesho moja. Kichekesho hakikuwa na maandishi. Wachezaji walikubaliana kisa, nani aingie kwanza na nani atoke, na maneno mengine yote yakazaliwa palepale mbele ya watu. Asiyejua kusikiliza watazamaji wake aliumbuka siku ileile. Majuto alilelewa na sanaa hii, na hata alipofika mbele ya kamera hakuiacha. Tazameni anavyokaa kimya kabla ya kujibu: mzee mkali mwenye tamaa, anayejiona mjanja kuliko wote, na ambaye watazamaji wamekwisha kujua kuwa atanaswa katika mtego wake mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, kitamu na chenye mafumbo, na sisi watu wa pwani ya kusini hatukuhitaji mkalimani.

Huhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kuuza vichekesho kwa kanda. Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikupata vituo vyake mpaka mwaka 1994. Baadaye, katika miaka ya 2000, zikaja filamu za video, na hapo ndipo mzee akaingia katika nyumba za watu wasiopata kumwona jukwaani. Vijana walimkimbilia. Hussein Mkiety, yule Sharo Milionea aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza mwezi Novemba 2012, alikuwa mmoja wa walioigiza naye, na haikuwa rahisi kujua nani kati yao alikuwa akimfundisha mwenzake uchangamfu.

Sasa tuseme lile linalotukera. Katika biashara ile ya video desturi ilikuwa kuuza masta: msambazaji hulipa fedha mara moja, huchukua kazi nzima, na nakala zikiuzwa elfu au laki, mwigizaji hana lake tena. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, Wizara ya Habari iliyokuwa chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe iliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, yake ikiwa miongoni mwake. Serikali ilimsaidia pia kwenda India kwa matibabu. Tunashukuru kwa yote mawili. Lakini kamati iliyoundwa mzee akiwa kitandani ilichelewa kwa miaka mingi. Miaka minne kabla yake, Juni 2014, tulimzika Said Ngamba, Mzee Small, naye baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Wala haiwezekani kusema kuwa sheria hazikuwapo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna udhuru wa kumpa kijana wa Mbwera mkataba wa Kiingereza atie sahihi yake juu ya paja, mashua ikimngoja.

Hapa delta vipo vibanda vya video vinavyoendeshwa kwa jenereta, na kiingilio hulipwa. Halmashauri zinajua kuvidai ada. Tunaziomba zijue pia kuuliza filamu inayoonyeshwa ni ya nani, na je, mwenyewe amelipwa? Maofisa utamaduni wa Kibiti, Rufiji na Mafia wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti: kila kikundi cha maigizo wilayani kilete mkataba wake ofisini kabla ya kutia sahihi, usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na mwigizaji aulizwe kama anajua anauza nini, kwa muda gani, na watoto wake watabakiwa na nini.