Je, Wajua? Kadi Yako ya Bima Inalipia Hata Magongo

Sogea kidogo kwenye benchi, jirani, daladala ya Sae, hapa Mbeya, bado haijajaa. Hiyo kadi ya NHIF uliyoibana kwenye pochi umezoea kuitoa kwa vipimo na dawa. Je, wajua kuwa kitita cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kina fungu la vifaa saidizi, vile unavyoondoka navyo mpaka nyumbani? Magongo ya kutembelea yamo. Kola ya shingo imo, mkanda wa kiuno umo, shime sikio la babu asiyesikia limo. Miwani nayo imo!

Ila daktari aandike kwanza. Ukimwona mtu wa Ilomba anakwenda kununua gongo kwa fedha yake huku kadi iko mfukoni, mshike mkono umrudishe hospitali, kwenye dirisha la bima, akaulize.

Na uchangiaji wa mtu mmoja unafunika wangapi? Watu 6: mwanachama, mwenza wake na wategemezi 4. Mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 hukatwa 18,000 kwa mwezi, mwajiri wake anaongeza 18,000 nyingine, na nyumba nzima inatibiwa. Ni asilimia 3 kwa 3, na mfuko wenyewe uko kazini tangu mwaka 2001.

Hii wazee waisikie vizuri. Mwanachama wa NHIF akistaafu akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kukatwa hata senti. Magoti yanapoanza kudai gongo, makato ndiyo yanakoma. Raha iliyoje!

Haya, nikuulize: shilingi 14 utanunua nini hapa barabarani? Hata pipi hupewi. Sasa chukua CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii iliyoanza mwaka 2018: kaya ya watu 6 huku mikoani imekuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawa kwa watu 6, gawa tena kwa siku 365. Haifiki shilingi 14 kwa mtu kwa siku! Unaanzia zahanati, na kwa rufaa unafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mbegu ya mpango huo ilipandwa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996.

Hiyo soda unayokunywa nayo ina kazi. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, liliweka ushuru wa soda, pombe na vipodozi pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha kati ya vyanzo vya kuwalipia bima wasio na uwezo. Mkeka wa kubeti uliochanika Mwanjelwa unaweza kumtibu bibi wa Uyole.

Je, wajua kuwa ulilala ndani ya kifaa cha afya jana usiku? Chandarua! Mwaka 2004 serikali ilianzisha Hati Punguzo: mama mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, mwenye duka anampa chandarua kwa bei iliyopunguzwa. Kuanzia 2009 mama aliongeza shilingi 500 tu, basi. Siku hizi hati hakuna tena, chandarua chenyewe hutolewa bure kliniki: kimoja mjamzito anapohudhuria mara ya kwanza, kingine mtoto anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Na vile vyenye dawa iliyochanganywa ndani ya uzi kabisa, vya kwanza kutengenezwa barani Afrika vilitoka Arusha, kwenye kiwanda cha A to Z, mwaka 2003. Ili kiitwe cha muda mrefu, dawa yake lazima istahimili kufuliwa mara 20. Umeshakifua mara ngapi chako?

Na lile Duka la Dawa Muhimu la mtaani kwenu, unajua lilikozaliwa? Hapo kwa majirani zetu, Ruvuma, mwaka 2003. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, na mpango ukasambaa nchi nzima. Kusini tumefundisha Tanzania, jirani, tusione haya kulisema.

Halafu mipira ya mikono anayovaa nesi wa hospitali ya Meta akimpokea mtoto: Bohari ya Dawa, MSD, imejenga kiwanda chake cha mipira hiyo Idofi, Makambako. Ndiyo, Makambako hiyo hiyo unayopita ukienda Iringa!

Mguu wa bandia je? Pale Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo kinaitwa TATCOT kilichoanza mwaka 1981. Kinafundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Wageni wanapanda ndege kuja kujifunza kwetu namna ya kumsimamisha mtu aliyekatwa mguu.

Sasa funga mkanda, tunavuka bahari.

Marekani ina bima ya serikali iitwayo Medicare, ya watu wa miaka 65 na zaidi, iliyosainiwa Julai 1965. Tajiri huyo, kwa kawaida, halipii miwani wala shime sikio! Miwani utapata jozi moja baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kuwekewa lenzi ndani. Rudi juu kasome tena orodha ya NHIF, halafu ujisikie fahari kidogo.

Kiti mwendo huko hukabidhiwi siku ya kwanza. Kwa kawaida bima inakilipia kodi kwa miezi 13, kama chumba cha kupanga, kisha kinakuwa mali yako. Mashine ya oksijeni ni kodi ya miezi 36, na mwenye duka aliyekupa analazimika kuendelea kukuhudumia mpaka mwaka wa 5 utimie. Bima inabeba asilimia 80, mgonjwa anabeba 20.

Na oksijeni ya nyumbani hawampi kila anayehema. Kipimo kile cha kubana kidoleni kinapimwa, na kwa wengi lazima kisome 88 au chini. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 na kuendelea. Tofauti ya pointi 7 inaamua nani anapelekewa mashine chumbani!

Subiri, kuna ya bafuni. Kiti chenye tundu na ndoo, cha kuwekwa karibu na kitanda kwa mgonjwa asiyeweza kufika chooni, Medicare inakilipia. Vyuma vya kushikia ukutani ili asianguke chooni, hailipii! Mimi naamini chuma cha ukutani huokoa nyonga nyingi, na fundi wa kuchomelea wa hapa Ilomba anakutengenezea kabla jua halijazama. Usisubiri bima yoyote. Mwekee mama.

Je, wajua kuwa hospitali si nyumbani? Ni kanuni kabisa. Kifaa cha nyumbani huko kinalipiwa kwa mtu anayekitumia kwake, na hospitali, hata ulale humo miezi, haihesabiki kuwa kwako.

Waingereza walianza kwa kishindo zaidi. Julai 5, 1948, huduma yao ya afya ya taifa ilifunguliwa na watu wakapewa miwani bure, meno ya bandia bure, shime sikio bure, hata nywele za bandia! Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba miaka 3 tu baadaye serikali ikaanza kutoza ada ya meno na miwani. Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha huduma hiyo, alijiuzulu mwaka 1951 kwa hasira. Waziri mzima, ameacha kiti kwa ajili ya miwani na meno ya watu. Huyo nampenda.

Tuje kwenye sukari. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo, aina yake ya kisukari ilikuwa hukumu ya kifo. Miaka mia moja tu na ushee!

Chupa ya insulini ikishafunguliwa, nyingi hudumu siku 28 hivi nje ya friji pasipo na joto kali. Huna friji? Kuna nyumba wanaitunza kwa vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, dawa imekaa ndani imefungwa isilowe. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, baridi yenyewe tunapewa bure. Ila isigande! Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka imeshaharibika.

Stripu za kupimia sukari nazo zina hesabu. Medicare inampa anayetumia insulini stripu 300 kwa miezi 3, na asiyetumia 100. Ni kama 3 kwa siku kwa moja kwa siku. Sasa kaa na mgonjwa wa hapa anayezigawa stripu zake zifike mwisho wa mwezi, utaelewa kwa nini fungu la vifaa kwenye kitita ni jambo la kupigania.

Presha je? Moyo mmoja, mipaka miwili! Kliniki, presha huitwa ya juu ikifika 140 kwa 90. Ukijipima nyumbani, mpaka ni 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mwili umetulia. Kaa dakika 5 kimya kabla ya kubonyeza mashine, miguu chini, mkono mezani, na usiongee.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, miwani na magongo vikiwemo. Mwaka 2022 likasema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kimoja. Katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Watatu kati ya mia!

Fimbo nyeupe ya asiyeona ilianzia kwa mpiga picha wa Bristol, James Biggs, mwaka 1921. Alipoteza macho kwa ajali, magari yakawa yanamtisha, akapaka fimbo yake rangi nyeupe aonekane. Ukiiona kwenye barabara kuu pale Mama John, dereva, simama.

Kiti mwendo kinachokunjwa kina undugu na wachimbaji wetu wa Chunya. Herbert Everest, mhandisi wa migodi, alivunjika mgongo mgodini mwaka 1918. Miaka ya 1930 yeye na rafiki yake Harry Jennings wakabuni kiti chepesi chenye vyuma vya kupishana kama mkasi. Ndiyo maana leo kinaingia kwenye bajaji.

Na bajaji yenyewe inaweza kununuliwa kwa mkopo! Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha wenye ulemavu mtaani kwenu kimeshaomba? Kaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Daladala inapiga honi, ya mwisho hii. Mwenye goti bovu la kulia ashike mkongojo mkono gani? Wa kushoto! Upande wa mguu mzima, kisha mkongojo na mguu mgonjwa vitoke pamoja. Na gongo la kwapani lisiguse kwapa: acha nafasi ya vidole viwili au vitatu, uzito ubebwe na mikono. Ukifika nyumbani mwangalie babu anashika upande gani, umhamishe leo leo.