Mapunye na choa Arusha: Ugonjwa wa wengi usiofika hospitalini

FANGASI wa ngozi ni miongoni mwa maradhi yaliyoenea zaidi duniani, na pia ni miongoni mwa yale ambayo wagonjwa wake huonekana hospitalini kwa uchache mno. Katika Jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, si jambo la ajabu kumwona mtoto wa shule ya msingi mwenye mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika na ngozi ina magamba meupe. Wenyeji huyaita mapunye. Mzazi huyaona, hupaka alichonacho nyumbani, na maisha huendelea.

Tabia hiyo ndiyo inayofanya swali la ni wangapi wanaougua lisiweze kujibiwa kwa kufungua vitabu vya wagonjwa vya Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru au vya zahanati za kata. Anayefika hospitalini ni yule ambaye ugonjwa umemshinda. Wengine, ambao ni wengi zaidi, hupatikana pale tu mtaalamu anapowafuata shuleni au majumbani.

Tafiti za namna hiyo zimewahi kufanyika nchini. Madaktari E. Komba na Y. Mgonda waliwachunguza watoto wa shule za msingi jijini Dar es Salaam, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na tatizo fulani la ngozi. Kwa upande wa magonjwa ya kuambukiza, fangasi ndio waliongoza: takriban mtoto mmoja kati ya kila tisa alikuwa na mapunye, choa au fangasi wengine wa jamii hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1996, ulichapishwa utafiti wa Dk. S. Gibbs kuhusu vijiji vya Tanzania, ambao ulihusisha magonjwa ya ngozi ya kuambukiza na msongamano wa watu ndani ya nyumba.

Msomaji wa Arusha anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya pwani kwenye joto na jasho, na kwamba mji wake ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, wenye baridi ya Juni na Julai, umesalimika. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Mba za mwilini, yaani yale madoa mepesi yanayojitokeza kifuani na mgongoni, hupenda joto na jasho, hivyo mahali penye baridi huwa na nafuu. Mapunye hayajali hali ya hewa. Yanategemea kichwa kimoja kugusana na kingine, au vichwa viwili kutumia kitana kimoja, kofia moja, mto mmoja au mashine moja ya kunyolea.

Na hapo Arusha haina tofauti na mji mwingine wowote wa Tanzania. Wanafunzi wa shule za msingi, wavulana kwa wasichana, hunyolewa nywele mara kwa mara. Familia yenye watoto wanne mara nyingi hutumia wembe au mashine moja, siku moja, kwenye kiti kimoja nyuma ya nyumba. Katika mitaa yenye msongamano kama Unga Limited na Ngarenaro, kinyozi mmoja huhudumia watoto wa nyumba nyingi. Vimelea vya fangasi vilivyonasa kwenye nywele na magamba vinaweza kukaa hai kwenye kifaa kwa miezi kadhaa vikingoja kichwa kingine.

Vijijini kuna njia nyingine. Kwenye maboma ya Wameru na Waarusha ng'ombe na binadamu huishi karibu, na ndama wana choa chao, kijivu chenye ukoko, ambacho humwambukiza anayewahudumia na mara nyingi huwaka zaidi kwa binadamu. Paka na mbwa nao wana fangasi wao. Kwa watu wazima, wafanyakazi wa mashamba ya maua na mboga wanaoshinda ndani ya viatu vya mpira huathirika zaidi katikati ya vidole vya miguu, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei ambapo soksi hazikauki.

Ipo pia imani kwamba kila kasoro ya mwili inatokana na maji. Maji ya ukanda wa Meru yana sifa ya kuwa na floridi nyingi, madini ambayo yameacha meno ya kahawia kwa vizazi kadhaa. Lakini floridi haileti fangasi. Uhaba wa maji ya kuoga na kufulia una uhusiano mkubwa zaidi na ngozi kuliko madini yaliyomo ndani yake.

Kibaolojia, fangasi hawa hula keratini, protini inayounda tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Kwenye ngozi ya wazi husambaa kuelekea nje huku katikati pakianza kupona, ndiyo maana choa huwa na umbo la pete. Kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe hadi kwenye shina lake. Jambo hili ndilo ambalo wazazi wengi hawalielewi: dawa ya kupaka haifiki huko. Mapunye hutibiwa kwa vidonge kama griseofulvini, kwa muda wa wiki sita hadi nane au zaidi, vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uvifyonze. Mtoto anayepakwa krimu miezi mitatu bila kupona hajarogwa wala hana damu chafu. Amepewa dawa isiyofika mahali ugonjwa ulipo.

Kwa choa cha mwilini, kinyume chake, dawa rahisi hutosha. Klotrimazoli, au hata marhamu ya zamani ya Whitfield yenye asidi ya benzoiki na salisiliki, huponya ikipakwa kwa wiki kadhaa bila kukatisha.

Tatizo ni kile ambacho mgonjwa hurudi nacho kutoka dukani. Serikali ilianzisha mpango wa maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi na kuwapa wauzaji mafunzo. Hata hivyo, krimu zinazopendwa na wengi bado ni zile zenye steroidi kali kama betamethasoni na klobetasoli, baadhi zikiwa zilezile zinazotumika kujichubua. Mgonjwa hupata nafuu siku ya pili: muwasho hukoma, wekundu hufifia. Kumbe kinga ya ngozi ndiyo iliyolazwa usingizi, na fangasi wanaendelea kutambaa. Akiacha kupaka, ugonjwa hurudi ukiwa mpana zaidi na umepoteza umbo la pete, kiasi kwamba hata daktari anaweza kuudhania pumu ya ngozi na kumwandikia steroidi nyingine.

India imeona mwisho wa njia hiyo. Matumizi holela ya krimu mchanganyiko yanatajwa miongoni mwa sababu zilizochangia kuenea kwa choa sugu kisichosikia dawa ya terbinafini. Fangasi wake walipewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020 na tangu hapo wamegunduliwa katika mabara mengine.

Kinachosikitisha ni kwamba utaalamu uko jirani. Kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho hufundisha watabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa: magamba kidogo hukwanguliwa, hutiwa potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini.

Aibu nayo huchangia watu kujificha. Mtu mzima mwenye mabaka mwilini huogopa kudhaniwa kuwa na virusi vya Ukimwi, ilhali fangasi huwapata watu wenye afya kamili. Fangasi walioenea mwili mzima au wanaorudi kila mara ni sababu ya kupima VVU na kisukari. Baka moja au mawili peke yake hayathibitishi lolote.

Kwa watoto lipo jambo moja lisilostahili kungojwa. Mapunye yakigeuka uvimbe laini unaotoa usaha na kuuma, wengi hudhani ni jipu na kulikamua au kulipasua. Huo ni mpambano wa mwili dhidi ya fangasi, na kisu hakiusaidii. Unahitaji vidonge mapema, kwa kuwa ukichelewa huacha kovu, na mahali penye kovu hapaoti tena nywele. Watoto wengine wa nyumba hiyo wanapaswa kukaguliwa siku hiyohiyo, pamoja na paka.