Panya Achaguaye Chupa ya Pombe

Kijana akionekana Marani, Kenya, anatoka kwa mama pima, yaani muuza pombe, hukumu hutolewa papo hapo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hutumiwa vibaya, na wa kutusahihisha ni panya aitwaye P. Ukoo wake uliundwa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ambako Ting-Kai Li na Lawrence Lumeng waliwaoanisha wanywaji kwa wanywaji, kizazi baada ya kizazi. Akiwekewa chupa mbili, ya maji matupu na ya maji yenye pombe asilimia 10, P hunywa angalau gramu 5 za pombe kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Panya wa ukoo wa NP, waliozalishwa kwa kuikwepa pombe, hawafikishi gramu 1.5. Na P hangoji utu uzima. Huanza akiwa katika umri wa balehe.

Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba P ana herufi moja ya DNA iliyogeuka kwenye jeni ya Grm2, hivyo mwili wake hukatiza njiani utengenezaji wa kipokezi kinachozuia neva zisimwage glutameti, kemikali inayochochea ubongo, kupita kiasi. Breki moja haipo. Ujana nao huondoa nyingine, hata kwa panya wa kawaida. Panya aliyepewa dozi kubwa ya pombe hulala chali, na mtafiti husubiri ajigeuze. Panya kijana hujigeuza mapema kuliko mkubwa, ilhali ubongoni mwake bado mna pombe nyingi zaidi. Usingizi na kuyumba ni onyo, naye onyo hilo humfikia hafifu, huku hipokampasi, mtunza kumbukumbu, ikivurugwa zaidi. Kijana anayesifiwa kwamba pombe haimwangushi ndiye wa kuhofiwa.

Atakayesema panya si mtu amkumbuke Marc Schuckit wa California, aliyewafuatilia vijana wa kiume: waliohisi athari ndogo ya pombe wakiwa na miaka 20 hivi ndio waliokuwa hatarini zaidi kuwa waraibu mwongo mmoja baadaye. Atakayeuliza tuhangaike ya nini ikiwa ni damu, atazame kizimba: bila chupa, P huishi na jeni yake bila kulewa. Chupa huwekwa na mkono wa mtu. Sheria ya Kenya ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, lakini sisi hushangilia misako na mapipa yanayomwagwa, tukamsahau mtoto wa nyumba yenye mnywaji ambaye bado hajaonja. Panya hawa wamesaidia kupima naltreksoni, dawa ya uraibu wa pombe, kuchunguza nikotini, na kueleza kwa nini aliyeacha hurudia. Mtoto wa ukoo wenye kisukari huonywa mapema juu ya sukari, na hakuna anayemwita nyoka. Mtoto wa mnywaji anastahili onyo hilohilo, kwa upole uleule, kabla ya tone la kwanza.