Majani ya zambarau hayauziki peke yake: jinsi ya kuyapanga na rangi nyingine

Haya ni kwa vijana wa Musoma, Bunda na Butiama, hasa nyie mliofungua vitalu vya maua. Vuli inakaribia, na kila kitalu ninachopita nakuta viriba vimejaa tradeskantia, yale majani ya zambarau yanayotambaa chini. Sababu naielewa. Unakata kipande, unachomeka kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki mbili hivi kimeshika mizizi. Mtaji wake ni mdogo sana.

Shida inaanzia sokoni. Kitu kinachozalishwa kirahisi na kila mtu kinashuka bei. Halafu mteja akijaza eneo lote zambarau tupu, bustani inakuwa nzito, kama ina giza, na hatarudi kununua tena. Kwa hiyo leo nataka tuelewane jambo moja: zambarau kazi yake ni kuzing'arisha rangi nyingine. Usiuze mche, uza mpangilio.

Lielewe jani kwanza

Nyie mliolima mahindi mnajua jani likigeuka zambarau mara nyingi ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Kwenye tradeskantia siyo ugonjwa, ndo asili yake. Jani lina rangi inayoitwa anthosianini, ambayo imeufunika ukijani ulioko ndani. Jua ndilo linaloichochea rangi hiyo. Mche ukikaa muda mrefu chini ya mwembe unaanza kurudi kijani.

Hapo mwenye kitalu ana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, vipandikizi vikishashika mizizi, vitoe kwenye kivuli kidogo kidogo mpaka vizoee jua. Pili, usivimwagie urea nyingi. Utapata majani mengi na laini, lakini rangi inafifia, na mteja ananunua rangi.

Koleasi mambo yake ni tofauti. Aina nyingi zinapenda kivuli chepesi, na jua kali la saa nane mchana linaziunguza. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mteja siyo "unataka ngapi?" bali "hapo mahali panapata jua kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Rangi za kwenda nayo

1. Njano na kijani cha limau. Huu ndio mchanganyiko unaoonekana kutoka mbali kuliko yote. Duranta ya dhahabu, ile ya kukata uzio, ikikaa nyuma ya zambarau, zote mbili zinawaka. Unafaa barabarani, kwenye lango na mbele ya ofisi.

2. Nyeupe na kijivu. Vinka nyeupe, au majani marefu yenye mistari myeupe, yanatuliza macho na yanaonekana vizuri jioni. Musoma tumebahatika: yale mawe makubwa ya kijivu yaliyoko kwenye viwanja vingi ni mandhari tosha. Usimshauri mteja ayavunje. Mpandie zambarau miguuni mwa jiwe.

3. Pinki. Kiua chenyewe cha tradeskantia kina pinki, kwa hiyo vinka ya pinki ni ndugu yake. Mchanganyiko huu ni wa upole, unafaa kwa nyumba ya kulala wageni.

4. Machungwa. Zinia za rangi hii zinachangamsha, ila weka chache. Zikizidi, macho yanachoka.

Cha kuepuka ni kuweka zambarau mbele ya kijani kizito sana au karibu na majani ya kahawia. Inamezwa. Bunda, kwenye udongo mweusi wa mbuga, inamezwa hata na ardhi yenyewe. Tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga kati ya mimea: ardhi inang'aa, unyevu unatunzika na magugu yanapungua. Udongo huo pia hutuamisha maji mvua ikikolea, kwa hiyo inua tuta.

Kipimo na hesabu

Mimi natumia theluthi: zambarau moja, rangi nyepesi mbili. Chukua tuta la mita 3 kwa mita 1, nafasi ya sentimita 30. Unapata mistari mitatu ya miche 10, jumla 30. Nyuma duranta, katikati vinka nyeupe, mbele tradeskantia kwa sababu ni fupi na inatambaa.

Sasa hela. Tuseme, kwa mfano tu, tradeskantia na vinka ni shilingi 500 kila mche na duranta ni 1,000. Miche 30 ya tradeskantia tupu ni shilingi 15,000. Mpangilio huu ni 20,000 kwa tuta lile lile, na bado hujaweka malipo ya kupanda na kukata duranta kila inapokua. Hiyo kazi ya matunzo ndiyo inayokurudisha kwa mteja. Ila kumbuka, vipandikizi vya duranta vinachelewa kushika kuliko tradeskantia. Vianze mapema.

Wateja wapo: hoteli za ufukweni Musoma, loji za barabara ya Mwanza–Musoma wanakopita wageni wa Serengeti, na Butiama, ambako watu wanakuja kuona makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere.

Tahadhari

Sisi watu wa ziwa tunajua ua zuri linaweza kufanya nini. Magugu maji, yenye ua la zambarau hafifu, asili yake ni Amerika ya Kusini na yalisambazwa duniani kama pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Victoria, na wavuvi wanajua yaliyofuata. Tradeskantia nayo huota kutoka kwenye kipande kidogo tu. Mabaki ya kukatia usiyatupe mtoni, mtaroni wala porini. Yaanike juani kwenye sakafu au bati mpaka yakauke kabisa.

Utomvu wake unawasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo vaa glovu. Matunda ya duranta ni sumu. Kama unapandia shule au nyumba yenye watoto, ikate mara kwa mara isifikie kutoa maua na matunda, na umwambie mteja wazi.

Uanzie wapi

Kabla vuli haijaanza, tengeneza tuta moja la mfano mbele ya kitalu chako, upande wa barabara, kwa kipimo nilichotoa hapo juu. Mteja wa maua hanunui maelezo, ananunua alichokiona. Tuta likishapendeza, bei taja ya tuta zima, siyo ya mche.