Boksi la Pakingi Lazima Lidondoshe

Mwenye boti anayeshuka kwenye chumba cha injini na kukuta maji yanadondoka pale shafti inapotokea nje, mkono wake hukimbilia spana. Hukaza nati mpaka tone likome, akapanda juu moyo umetulia. Mara nyingi uharibifu huanzia hapo.

Boti ya injini ya ndani ina tundu chini ya usawa wa maji, na haina budi. Injini imo ndani, propela iko majini, na shafti inayoziunganisha lazima ipenye mwili wa chombo huku ikizunguka mamia ya mara kwa dakika. Katika vyombo vingi vya pwani yetu, zikiwemo mashua za mbao zilizotiwa injini za dizeli, kazi ya kuzuia maji mahali hapo hufanywa na kifaa cha kizamani: boksi la pakingi. Ni silinda fupi ya shaba iliyoizunguka shafti. Ndani yake mna pete tatu au nne za kamba ya kitani iliyoshibishwa nta au shahamu, na siku hizi pia zipo kamba zenye teflon. Nati kubwa, au katika maboksi mengine bamba lenye bolti mbili, huzisukuma pete hizo hadi ziibane shafti.

Kamba hiyo hulainishwa na kupozwa na maji yaleyale inayoyazuia. Tone likikoma kabisa shafti ikizunguka, pakingi hugeuka breki. Hupata joto, nta huyeyuka na kutoka, kamba hukakamaa, kisha huanza kuila shafti. Shafti iliyochimbika mfereji haizibiki tena kwa pakingi mpya, na bei ya shafti si bei ya kamba.

Kipimo kinachokubalika kwa kamba ya kitani ni matone mawili au matatu kwa dakika shafti ikiwa mwendoni. Chombo kikisimama, tone likome au karibu na kukoma. Kamba za teflon huridhika na maji pungufu ya hayo. Wanaoogopa tone wapige hesabu: matone ishirini ni kama mililita moja, kwa hiyo matone matatu kwa dakika, mchana kutwa na usiku kucha, hayatimizi robo lita. Hiyo ni glasi moja ngamani. Likidondoka tone moja kila sekunde, haba na haba inapita lita nne kwa siku, na boti iliyoachwa wiki nzima bila mtu wa kufua maji itakutwa na kama ndoo moja na nusu. Hapo kweli pana kazi ya kufanywa, ila bado chombo hakizami kwa hayo. Kinachozamisha ni mkondo, nao hutoka kwingine, nitafika huko.

Kukaza kuna adabu yake. Boksi la nati lina nati mbili, moja ya kubana na nyingine ya kuifunga isirudi, hivyo zinatakiwa spana mbili. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha ile ya kubana kwa upande mmoja tu wa pembe zake sita, yaani moja ya sita ya mzunguko. Funga tena. Washa injini, tia gia boti ikiwa imefungwa imara gatini, na uhesabu matone. Baada ya robo saa zima injini, ushike boksi kwa mkono. Likiwa vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, umekaza kupita kiasi, na dawa ni kulegeza, si kulimwagia maji ya baridi kama nionavyo wengine wakifanya. Kwenye boksi la bamba, bolti zote mbili zikazwe sawasawa, vinginevyo bamba linakaa upande na kuila shafti lenyewe.

Nati ikikaribia kumaliza hesi zake na maji bado ni mengi, pakingi imekwisha. Kuibadilisha boti ikiwa majini kunawezekana kwa fundi mwepesi aliyeizungushia shafti matambara kwa nje, lakini pwani yetu imejaliwa njia nyepesi zaidi. Wakati wa bamvua maji hupwa zaidi ya mita tatu. Chombo kinaletwa ufukweni maji yakijaa, kinatiwa gadi, na yakipwa fundi anapata saa kadhaa za kufanya kazi pakavu bila kulipia chelezo. Kazi yenyewe haimalizi hata saa mbili, nusu yake ikiwa ni kuichokonoa kamba ya zamani mpaka pete ya mwisho. Ile ya mwisho ndiyo huachwa, kwa kuwa haionekani, nayo ndiyo iliyooza kuliko zote.

Usinunue kamba mpya kwa kupima ile ya zamani, maana imeshapondeka. Pima kipenyo cha ndani cha boksi, toa kipenyo cha shafti, gawa kwa mbili. Boksi la milimita 38 kwenye shafti ya milimita 25 linataka kamba ya milimita sita hivi. Kamba ikatwe pete moja moja. Kuizungusha nzima kama chemchemi ni kuyatengenezea maji ngazi. Viungo vya pete visipangane mstari mmoja. Vikiwa vitatu, kila kimoja kiache theluthi ya mzunguko. Mwanzoni kaza kwa mkono tu, uache maji yadondoke kwa wingi siku ya kwanza, kisha punguza kidogo kidogo pete zikishakaa. Na kamba yenye grafiti usiitie kwenye shafti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi: grafiti na chuma hicho vikikutana hapo, kinacholiwa ni chuma.

Pakingi inayokufa kila baada ya miezi michache haina kosa. Kosa liko kwa injini iliyokaa kombo, au beringi ya tezini iliyolika, na shafti inayotikisika huipanua kamba kila mzunguko. Nyuso mbili za kapulingi zikaguliwe kwa fila geji: kwenye kapulingi ya milimita 100, tofauti ya uwazi isipite sehemu moja ya kumi ya milimita. Upimaji huo ufanyike chombo kikiwa majini, kwa sababu chombo cha mbao kikikaa nchi kavu hubadilika umbo.

Sasa zimeingia sili zisizodondosha, za midomo ya mpira au za nyuso mbili zinazosuguana, kaboni juu ya chuma. Ni nzuri, na ngama hubaki kavu. Ila nazo zinahitaji maji ndani yake, na boti inapokauka ufukweni, bomba la shafti hujaa hewa. Ikielea tena na injini ikawashwa hewa ikiwa bado imo, sili huzunguka kavu na kuungua. Kwa hiyo kila ikielea lazima mtu aibonyeze sili mpaka maji yatoke, isipokuwa kama kuna kibomba cha hewa kilichopandishwa juu ya usawa wa maji. Kwa boti inayolala mchangani kila maji yakipwa, mimi naichagua kamba ya kitani. Sili hizo nawaachia wenye boti zinazoelea mwaka mzima.

Sasa mkondo. Katika boti nyingi boksi la pakingi huunganishwa na bomba la tezini kwa kipande cha mpira mnene, na mpira huo ndio ukuta pekee kati ya bahari na ngama. Ukipasuka au klipu zikiachia, maji hayadondoki, yanabubujika. Kumbukumbu za bima za BoatUS nchini Marekani zinaonyesha kuwa boti nyingi zaidi huzama zikiwa zimefungwa gatini kuliko zikiwa safarini, na eneo hili la shafti limo katika orodha ya sababu. Pampu ya umeme huficha tatizo hadi betri inapokwisha, kisha hakuna wa kulificha tena.

Kila ncha ya mpira iwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Kutu huanzia chini ya skrubu, kwa hiyo tumia kioo kidogo na tochi. Minya mpira kwa vidole. Ukiwa na nyufa, umekakamaa au umelainika kwa dizeli, uvuliwe bamvua lijalo, hata kama boksi lenyewe linadondosha matone mawili tu.